Kulisha Ufa

Waithera alikuwa amepiga magoti nyuma ya zizi, akisukuma bomba ardhini. Bomba lilikuwa gumu kuingia. Alilizungusha kushoto, akalizungusha kulia, kisha akaliegemea kwa uzito wake wote. Huko chini kitu kikalegea. Bomba likazama hadi nusu, na kwenye mdomo wake ukachomoza mvuke mweupe, mwembamba kama uzi.

"Umeshika!" aliita. "Baba Becky, njoo uone! Umeshika!"

Mumewe, Kamande, alikuja na waya wa kufungia. Alililaza bomba kwa mteremko juu ya mawe, akalifunga, na chini ya ncha yake akaweka beseni. Kisha wote wawili wakachuchumaa kungoja.

Upande huu wa mlima Eburu hakuna mto. Lakini chini ya ardhi kuna joto la tangu zamani, na mvuke hutoka kwenye matundu hapa na pale. Watu hutia bomba kwenye tundu. Mvuke hupita ndani ya bomba, hupoa, na kuwa maji. Maji hudondoka kwenye tangi, tone kwa tone, mchana na usiku. Mwenye tundu shambani kwake hana shida ya maji. Asiye na tundu hubeba mtungi mgongoni.

Waithera alikuwa amebeba mtungi tangu alipoolewa. Kila asubuhi alipanda kwa jirani, akangoja zamu yake, akarudi ameinama. Ndiyo maana, alipoona mvuke mpya ukitoka nyuma ya zizi lake mwenyewe, alikaa chini akalia kwa furaha.

"Usilie tena," Kamande alimwambia sasa. "Ngoja tone."

Tone likaja. Lilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Hiyo ni kutu ya bomba," Kamande alisema. "Itajisafisha."

"Itajisafisha," Waithera akakubali upesi.

Mama yake Kamande, ambaye wote walimwita Shosho, alikuwa amesimama mbali kidogo. Alikuwa ameziba pua kwa ncha ya leso.

"Mvuke wa huku unanuka yai bovu," alisema. "Tangu nizaliwe, ni yai bovu. Huu unanuka kitana kilichoanguka motoni."

"Mvuke nao una koo zake, mami," Kamande alitania. "Pengine huu umefuata upande wa mama."

"Upande wa mama ni mimi hapa. Na mimi sinuki hivyo."

Wakacheka. Lakini jioni, ng'ombe aliposogezewa beseni, alinusa mara moja tu, akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaza shingo. Siku ilikuwa ya jua kali, na hakuwa amekunywa kitu tangu mchana. Alisimama akiyatazama yale maji kama anayetazama nyoka.

Kesho yake Waithera aliona mambo mengine, ila hakuyasema. Mvuke haukutoka sawasawa. Ulitoka, ukakatika, kisha ukatoka tena, kama mtu anayepumua akiwa usingizini. Kuku walikuwa wameacha kuchakura nyuma ya zizi. Nyasi zilikuwa zimekauka na kuwa nyeupe. Hazikukauka kulizunguka tundu. Zilikauka kwa mstari, na mstari huo ulipanda kuelekea nyumba. Waithera alivua kiatu akaukanyaga. Ardhi ilikuwa na joto kama tumbo la mnyama.

Binti yake Becky, aliyekuwa angali chekechea, alikuwa amelala kifudifudi kando ya zizi. Sikio lake lilikuwa chini.

"Becky! Unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza. Mami, kuna mtu huku chini anakaanga njugu."

Waithera akatulia. Ndipo naye akasikia. Pa. Kimya kirefu. Pa, pa.

"Ni mawe," alisema. "Mawe yakipata joto hupasuka. Inuka, twende nikupikie uji."

Becky aliinuka akikohoa. Alikuwa akikohoa tangu jana.

Beseni lilikuwa limepata maji kiasi. Waithera aliyachuja kwa kitambaa, akayachuja tena. Kitambaa kilibaki na utando mweusi. Maji yakawa na rangi ya asali nyepesi, na juu yake ulielea mng'ao wa rangi rangi, kama mafuta kwenye dimbwi la barabarani. Alijiambia kwamba moto utamaliza yote. Akayatia kwenye sufuria, akaiteleka mekoni.

"Hodi humu!"

"Karibu, Mama Kibii."

Aliyeingia alikuwa Jepkemei, jirani wa upande wa juu. Tangi ambamo Waithera alizoea kuchota maji lilikuwa lake. Jepkemei alifanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa umeme. Kazi yake ilikuwa kupima joto na nguvu ya mvuke, na wiki hii alikuwa nyumbani kwa mapumziko.

"Sijakuona kwa maji," alisema. "Nikadhani kuna mgonjwa." Kisha akasimama pale pale mlangoni. Pua yake ilicheza. "Mama Becky, unachemsha nini?"

"Maji yangu. Nimepata tundu."

"Mmeshakunywa?"

"Bado. Nataka kumpikia Becky uji."

"Tafadhali, epua kwanza."

Waithera hakuepua. Alisimama kati ya jirani yake na meko.

"Wewe una lako miaka na miaka," alisema. "Mimi nimesimama kwa foleni yako, mvua na jua. Leo nimepata langu, ndiyo linakuwa baya?"

Jepkemei alivuta kigoda akaketi.

"Ningekuwa wewe, hata mimi ningekasirika," alisema. "Sijasema ni baya. Sijui bado. Nipe kifuniko cha sufuria, twende tuangalie pamoja. Kama ni mvuke, mimi mwenyewe nitakusaidia kuvuta bomba mpaka hapa mlangoni. Lakini hayo maji yaepue."

Nje, Becky alikohoa tena. Waithera akaepua.

Walikwenda nyuma ya zizi, wakawakuta Kamande na Shosho wakilitazama bomba. Jepkemei aliwaambia wote wasimame upande ambao upepo unatoka. Kisha akanyoosha mkono na kushikilia kifuniko juu ya tundu.

"Kifuniko ni baridi," alisema. "Mvuke wa kweli ukikigusa, hufanya matone masafi, kama jasho. Sasa tuone."

Alikigeuza. Ndani hakukuwa na matone masafi. Kulikuwa na utando wa kahawia, unaonata. Alipitisha kidole, na kidole kikatoka cheusi.

"Hii ni masizi na mafuta ya plastiki," alisema. "Pole, Mama Becky. Huu si mvuke. Ni moshi, na hayo maji ni unyevu wa udongo uliopata joto. Kuna kitu kinaungua chini ya shamba lenu."

Chini ya miguu yao ikalia: pa.

"Nani amewasha moto chini ya ardhi?" Shosho alinong'ona.

"Huu mstari wa nyasi nyeupe ni wa nini?" Jepkemei aliuliza.

"Ni ufa," Kamande alijibu. "Ulifunguka wakati wa mvua kubwa. Lakini tulishaulisha."

Kila mtu wa huko anajua kulisha ufa. Mvua kubwa ikinyesha, ardhi hupasuka. Ng'ombe anaweza kuvunjika mguu, mtoto anaweza kutumbukia. Basi familia hutoka pamoja na kuulisha: mawe, mabua, vyungu vilivyovunjika, chochote kisicho na kazi, kisha udongo juu. Wazee husema kwamba ufa usiolishwa hujitafutia chakula.

"Mliulisha nini?" Jepkemei aliuliza.

Kamande alimtazama mkewe. Waithera alitazama chini. Wote wawili waliikumbuka siku ile. Kamande hununua kompyuta kuukuu, huzitengeneza na kuziuza. Alikuwa amenunua kompyuta zote za saiba moja, duka la intaneti lililofungwa huko Kiamunyi. Zilizofaa aliziuza. Zilizokufa zilijaa stoo, na viazi vilikuwa tayari kuvunwa. Waithera ndiye aliyeuliza, "Baba Becky, viazi vyangu vitalala wapi?" Kamande akajibu, "Ufa una nafasi." Walizibeba pamoja mchana kweupe, wakitaniana: skrini zenye kisogo kikubwa, kibodi, nyaya, na betri za laptop zilizovimba kama mandazi. Kila kimoja kilipotumbukia, Becky alipiga makofi.

"Kompyuta," Waithera alisema. "Tuliulisha kompyuta."

"Na betri zake?"

"Zote," alisema Kamande. "Lakini tulizitupa huko juu, nyuma ya stoo. Hapa ni mbali."

"Juu ni mbali. Chini ni ufa mmoja," alisema Jepkemei. "Moshi unatembea humo kama kwenye bomba."

Waliufuata mstari mweupe wakipanda, huku upepo ukiwa mgongoni. Shosho alimbeba Becky, ingawa Becky alikuwa mkubwa wa kubebwa. Nyuma ya stoo, udongo ulikuwa umezama. Katikati ya shimo, uso wa skrini moja ulikuwa umejitokeza, ukitazama mbinguni. Kioo chake kilikuwa na vumbi. Kisha, nyuma ya kile kioo, mwanga hafifu wa kijani ukacheza. Ukazimika. Ukacheza tena.

"Imewaka," Becky alisema.

"Haina waya," alisema Kamande. "Haina stima. Mimi mwenyewe niliikata waya."

Shosho alianza kuomba kwa sauti ya chini.

"Rudini nyuma, wote," Jepkemei alisema. "Shosho, si pepo. Ni shaba ya nyaya. Shaba ikiungua, moto wake huwa wa kijani. Twende kwangu. Mlango wenu na madirisha yafungwe."

Walipofika kwake, Jepkemei aliwapigia simu watu wa zimamoto wa kaunti, akawaeleza kila kitu. Walimwambia watu na wanyama wakae mbali. Wasichimbe wakati kuna moto. Wasimwage maji shimoni, kwa sababu maji yatabeba sumu na kuipeleka ndani zaidi. Wao wenyewe walifika mchana, wakiwa wameziba nyuso, wakafunika midomo yote miwili ya ufa kwa udongo mkavu ili moto ukose hewa.

Becky alipelekwa zahanati. Daktari alimsikiliza kifua, akampa dawa, akasema asirudi karibu na moshi ule. Familia nzima ikalala kwa Jepkemei.

Jioni walikaa sebuleni. Kutoka dirishani waliweza kuona paa la nyumba yao, limetulia, kama nyumba ya watu waliohama.

"Mimi sielewi," Kamande alisema. "Kompyuta iliyokufa imekufa. Inawezaje kuwaka?"

"Kompyuta imekufa, lakini betri haijafa," alisema Jepkemei. "Betri ya laptop ikionekana imeisha, bado ina nguvu kidogo ndani. Ile iliyovimba ni mbaya zaidi. Mliiwekea mawe juu. Jiwe likaikandamiza, ikapasuka ndani, ikashika moto. Plastiki iko hapo, nyaya ziko hapo, na ufa unaleta hewa."

"Basi tungetoa betri tu, halafu tuzike zingine," alisema Shosho.

"Hata hizo, Shosho. Kioo cha zile skrini kubwa kina madini ya risasi ndani. Bodi za ndani ya kompyuta zina madini mengine ya sumu. Zikikaa ardhini, mvua inazilowesha, sumu inashuka polepole. Hutaiona. Inaingia kwa maji, inaingia kwa mboga. Mtu mzima anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Mtoto inamwingia kwa akili. Anakua mzito wa kujifunza, na mnadhani ni mvivu."

Waithera alimtazama Becky aliyekuwa amelala kwenye kiti. Aliikumbuka sufuria mekoni.

"Na ningemwekea sukari," alisema polepole. "Ili asisikie ladha."

Jepkemei alimshika bega.

"Hukumpa," alisema.

"Sasa mtu afanye nini?" Kamande aliuliza. "Mimi kazi yangu ni hii. Kila mwezi kuna kitu kinakufa. Kuchoma ni vibaya, kuzika ni vibaya. Nimeze?"

"Ukimeza, tutakuzika, na hiyo pia ni vibaya," alisema Shosho. Kwa mara ya kwanza siku ile walicheka.

Jepkemei akaeleza. Kazini kwao, kitu cha umeme kikifa hakitupwi pamoja na taka nyingine. Kwanza huulizwa kama kinaweza kutengenezwa. Kisipoweza, huwekwa mahali pakavu, kikiwa kizima, bila kuvunjwa. Betri hutolewa na kukaa peke yake, ncha zake zimefunikwa kwa selotepu ili zisigusane na chuma. Iliyovimba haitobolewi kamwe. Huwekwa kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba. Baadaye kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, huja kuvichukua. Huko hufunguliwa na watu waliofunzwa. Shaba hutumika tena, plastiki hutumika tena, na sumu hufungiwa mahali pake.

"Na zile picha na barua za watu zilizo ndani?" Kamande aliuliza.

"Zifute kabla hujazitoa. Kama kompyuta haiwaki, mwambie anayechukua aiharibu ile diski."

Mwishowe Waithera alisema, "Kwa hivyo sina tundu."

"Huna," alisema Jepkemei. "Lakini nimekuwa nikifikiria. Tangi langu likijaa usiku, linamwagika bure mpaka asubuhi. Wewe uko chini yangu. Tukinunua bomba jipya, hayo maji yatakuja kwako yenyewe. Sijui kwa nini hatukufikiria hivyo mapema."

Waithera aliinamisha kichwa akalia, na safari hii hakuna aliyemwambia angoje.

Moto ulichukua siku nyingi kufa. Kila asubuhi Kamande alisimama mbali na kuutazama mstari. Moshi ulipungua, ukawa kama pumzi ya mtu kwenye baridi, kisha ukakoma. Watu wa zimamoto walirudi, wakapima ardhi, wakasema imepoa. Ndipo Jepkemei akampigia simu mtu mmoja wa Nakuru, jina lake Sitati, ambaye kampuni yao ina leseni ya kukusanya taka za umeme.

Sitati alikuja na pikapu, masanduku ya plastiki na magunia ya mchanga. Alikuwa mtu mnene, mwenye maneno mengi.

"Nimetoa kompyuta chooni," aliwaambia. "Nimetoa kompyuta kisimani. Lakini kwenye tumbo la ardhi, hii ni mara ya kwanza. Nani fundi hapa?"

"Ni mimi," alisema Kamande.

"Vizuri. Utanisaidia. Wewe unazijua kwa majina."

Aliwapa Kamande na Waithera glavu nene, miwani na vifuniko vya pua. Wengine wote aliwaweka nyuma ya kamba. Kila kilichotoka kiliwekwa pahali pake: vioo huku, nyaya huku, betri kwenye mchanga. Vilivyoungua alivishika yeye mwenyewe kwa koleo, na udongo mweusi uliovizunguka aliutia gunia. Sufuria na maji yale, yaliyokuwa yamefungiwa kwenye ndoo, aliyachukua pia. Bomba la nyuma ya zizi alilichukua. Alichota udongo wa bustani ya mboga ukapimwe, akasema sukuma wiki ya bustani hiyo isiliwe mpaka majibu yarudi.

"Yote?" Shosho aliuliza.

"Hata jani moja lisiliwe, mathe."

Habari zilikuwa zimeenea. Majirani walifika mmoja mmoja na kusimama nyuma ya kamba. Mmoja alileta simu zilizokufa ndani ya mkebe. Mwingine alileta televisheni kwa toroli, ameifunika shuka kama mgonjwa. Sitati alipokea kila kitu, akashukuru, wala hakumuuliza mtu alikuwa akifanyaje zamani.

Jua lilipokaribia kutua, nusu ya ufa ilikuwa wazi. Sitati alipiga magoti ukingoni, akamulika tochi ndani. Waithera alichungulia kando yake. Mwanga ulipita juu ya nyaya zilizoyeyuka na kushikana kama mizizi. Uligusa kona ya skrini moja, kisha nyingine chini yake. Kisha ukapotea kwenye giza.

"Mlikuwa nazo nyingi," alisema Sitati.

"Hatukuona kama ni nyingi," alisema Waithera. "Ufa ulikuwa unazimeza tu."

"Basi tuache hapa. Giza likiingia, mtu huweka mkono asipoona. Kesho nitakuja na ngazi."

Walilaza turubai juu ya ufa, wakalikandamiza kwa mawe pande zote. Kamande alizungusha miba ili mnyama asipite. Majirani wakaanza kuondoka.

Mzee mmoja hakuondoka. Aliitwa Micah, na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesimama muda wote, kofia mkononi.

"Na kama mtu aliulisha ufa wake mwaka jana?" aliuliza. "Redio, na zile betri za sola. Na juu yake akapanda mahindi."

Watu waliokuwa wakiondoka walisimama. Mmoja akatazama shamba lake. Mwingine akatazama la kwake. Mteremko mzima ulikuwa mbele yao katika mwanga wa mwisho. Waithera aliiona mistari ya udongo ulioinuka kidogo, mmoja kwenye shamba hili, mmoja kwenye lile, yote imefunikwa vizuri, yote imeota majani. Hakuna aliyejua kilichokuwa chini.

"Mahindi yameota vizuri?" Sitati aliuliza.

"Upande mmoja ndiyo," alisema mzee Micah. "Upande mmoja hayakuota."

Waithera alivua glavu zake, akazikung'uta, akazianika kwenye ua.

"Tutakuja kwako, mzee," alisema. "Usichimbe, na usimruhusu mtoto kuchezea hapo. Kesho bado tuna huu wetu."